Dakika Kumi za Saa ya Kidato cha Pili B

Mhudumu mkuu wa shule yetu, anayejulikana na wote kwa jina la Babu Dakika, anastaafu tarehe 28 ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, baada ya kutumikia miaka thelathini na minne, miezi mitano na siku tatu. Siku hizo tatu ameziongeza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika "miaka thelathini na minne na ushee", akaniambia ushee si muda.

Alipoajiriwa, shule ilikuwa na madarasa sita na mlango mmoja tu uliokuwa ukifungika. Barua yake ya ajira, ambayo bado anayo ndani ya mfuko wa plastiki, inataja kazi yake kwa mstari mmoja: kutunza funguo, kengele na saa. Wakuu wa shule saba wamepita hapa. Kila mmoja alikuja na mpango wa kumwongezea kazi, na kila mmoja aliondoka akiwa yeye ndiye anayemwuliza Babu Dakika ufunguo wa ofisi yake uko wapi.

Funguo ni arobaini na tatu, zote kwenye pete moja, hazina alama. Anazitambua kwa vidole. Makamu mkuu mmoja aliyependa utaratibu alimwagiza aziwekee vibandiko vyenye maandishi. Babu Dakika alitii. Kesho yake kila ufunguo ulikuwa na kibandiko safi, kimeandikwa kwa herufi kubwa: ULIZA.

Kengele nayo ina hadithi yake. Miaka tisa iliyopita tuliletewa kengele ya umeme, ikazinduliwa kwa hotuba, ikafa siku ya kumi na mbili. Babu Dakika hakucheka mbele ya watu. Alitoa kengele yake ya mkono kabatini, akaifuta, akaendelea. Mwanafunzi akijikokota wakati kengele imeshalia na akajitetea kwa kusema haraka haraka haina baraka, jibu la Babu Dakika lilikuwa ni lile lile: "Aliyesema hivyo hakuwa na mtihani saa mbili asubuhi."

Mkuu wa shule aliponipa kazi hii ya kumwandikia Babu Dakika kwaheri kwenye jarida la shule aliniambia niandike mambo ya funguo na kengele, niishie hapo. Nimeyaandika. Lakini barua ya ajira ina neno la tatu. Babu Dakika anaondoka na jina lenye doa kwa ajili ya saa, na sherehe yake, iliyopangwa kufanyika ukumbini mbele ya wazazi, imekuwa chai ya saa nne kwenye chumba cha walimu. Doa hilo si lake. Najua, kwa sababu ni langu.

Nianze na saa zenyewe. Mwaka wake wa kwanza kazini, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alichelewa mtihani wa taifa kwa dakika sita. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwenye ufunguo alikuwa Babu Dakika, na yeye ndiye aliyeamriwa asiufungue. Yule mwanafunzi alikaa barazani, kalamu mkononi, mpaka wenzake walipotoka. Jumatatu iliyofuata saa zote za shule zilikuwa mbele kwa dakika kumi. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyemwuliza. Tangu mwaka huo hakuna mtahiniwa wa shule hii aliyefungiwa mlango.

Hilo kila mgeni huambiwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa vyoo. Baada ya wiki mbili hulifikirii tena. Ukitazama ukutani, jicho linasoma na kichwa kinatoa kumi, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika nyumbani kwao gizani. Ndiyo maana hatukuwahi kuona kuwa ni jambo la kumwambia mtu wa nje.

Mtu mmoja tu alikumbuka. Shule yetu ni kituo cha kupigia kura, na kila uchaguzi, siku moja kabla, Babu Dakika alipanda ngazi na kurudisha saa za vyumba vitakavyotumika. Alikuwa akisema serikali ina saa yake, haihitaji huruma yetu. Jumatatu alizipeleka mbele tena. Chaguzi sita alifanya hivyo bila kuagizwa wala kushukuriwa.

Uchaguzi wa saba ulikuwa ule wa taifa, mwezi wa kumi mwaka jana, siku ya Jumamosi. Vyumba vilikuwa vitatu. Ijumaa asubuhi Babu Dakika alirekebisha viwili. Cha tatu kilikuwa darasa letu, Kidato cha Pili B, na tulikuwa na jaribio la hesabu mpaka saa tisa. Mkewe alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho mchana huo, ilimbidi aende hospitali. Alinikuta mlangoni, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa kiranja wa darasa, akaniambia: "Mkitoka tu, panda kiti, irudishe dakika kumi. Usisahau." Nikamwitikia kwa kichwa. Mimi huitikia kwa kichwa.

Sikusahau. Ningependa iwe nilisahau. Baada ya jaribio nilikwenda kwanza kurudisha vitabu, na niliporudi maofisa wa uchaguzi walikuwa wameshaingia. Walikuwa watu wanne, na askari, na masanduku ya plastiki, na msimamizi wa kituo, mtu mrefu aliyekuwa akipima kwa hatua mahali pa kuweka kibanda cha kupigia kura. Nilisimama kwenye kizingiti na sentensi yangu tayari: samahani, naomba kupanda kiti nirekebishe saa. Nilikuwa nayo katika lugha zote mbili tunazofundishiwa, nichague itakayotoka kwanza. Zote mbili zilikwama. Msimamizi aligeuka, akasema: "Wewe, shule imefungwa, nenda nyumbani." Nikaenda.

Jumamosi nilimsindikiza bibi yangu kupiga kura. Magoti yanamsumbua, na hutembea kwa vituo. Yeye aliingia, mimi nikamngoja barazani, kwenye benchi lililo chini ya dirisha, na kutoka hapo saa ya darasa letu inaonekana yote. Bibi alitoka mishale ikigusa saa kumi na moja kamili. Wakati huo huo msimamizi alimpa askari ishara, na askari akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Sheria iko hivyo: wakati wa kufunga ukifika, aliye mbele ya askari anapiga kura hata foleni ikienda mpaka usiku, na anayekuja nyuma yake amechelewa.

Dakika mbili baadaye walifika watu wa kiwanda cha sabuni. Zamu yao huisha saa kumi na nusu, na kutoka kiwandani mpaka shuleni ni mwendo wa dakika ishirini na ushee, kwa wale wanaoruhusu ushee. Walikuja wakikimbia, wananukia sabuni uani pote. Mmoja, mwanamke aliyekuwa bado na aproni, aliinua simu juu: "Afande, bado! Kumi na hamsini na mbili hii hapa, soma mwenyewe!"

"Simu yako haisimamii uchaguzi," askari alimjibu. Hakuwa mkorofi. Hakuwa na saa, alikuwa na amri.

"Mbona chumba cha pili wanapanga watu? Sisi tuna uchaguzi wetu peke yetu?"

"Mama, kila kituo kina msimamizi wake."

Mle ndani simu zilikuwa zimewekwa kikapuni mlangoni, kwa mujibu wa taratibu, za maofisa na za mawakala wa vyama vyote. Wote walikuwa na ukuta mmoja wa kutazama. Asubuhi walikuwa wamefungua dakika kumi kabla ya wakati, na hakuna mtu aliyelalamika.

Bibi aliniuliza wanagombania nini. Nikamwambia sijui. Tukaanza safari ya kwenda langoni, akasimama kumsalimu jirani, akasimama kupumzika, akasimama kukumbuka amesimama kwa nini. Tulipofika kwa fundi viatu nje ya lango, redio yake ndiyo kwanza ilikuwa inapiga ile milio ya taarifa ya habari ya saa kumi na moja. Fundi akasema, bila kuinua uso: "Haya, sasa ndiyo wafunge." Nilisikia. Nilikuwa na nafasi ya kurudi mbio. Nilimshika bibi mkono nikamvusha barabara.

Mlinzi wa lango alihesabu watu hamsini na tisa waliorudishwa. Jumanne, midomoni mwa watu, walikuwa mia tatu. Ijumaa yalikuwa malori mawili, na mtu aliyeyaona. Kiti cha ubunge cha jimbo letu kilipatikana kwa tofauti ya kura arobaini na nne. Nadhani hapo hata mtu asiyefuatilia siasa anaanza kutoa hesabu kichwani. Waliosajiliwa chumba chetu wengi wao wanaishi kwenye nyumba za kiwanda, na ilijulikana walikuwa wanaegemea wapi. Walioshindwa wakasema kituo kilifungwa makusudi. Walioshinda wakasema kilifungwa saa kumi na moja, na mawakala wa pande zote wametia sahihi fomu inayosema hivyo. Ni kweli walitia.

Jumatatu Babu Dakika alirudi kutoka hospitali, akakuta makamu mkuu ameshaamuru saa zote zirekebishwe, ili kuondoa maneno. Ushahidi ukarekebishwa pamoja nazo. Angeweza kunyamaza. Walimu wawili walimshauri hivyo kwa nia njema: funika kombe mwanaharamu apite, umebakiza miezi minane. Aliwajibu kwamba kombe lenyewe limeshapasuka, kinachofunikwa ni nini? Akaandika barua kwa mkono wake, akaipeleka kwenye ofisi ya uchaguzi kwa baiskeli.

Kamati ya uchunguzi ilikuja mwezi wa kwanza, ikakaa ukumbini kwetu siku nzima. Wanafunzi wa vidato vya juu turuhusiwe kusikiliza, alisema mkuu wa shule, ni somo la uraia. Babu Dakika alivaa koti. Alieleza habari ya dakika kumi tangu mwanzo, na watu walicheka palipochekesha. Kisha mwenyekiti, mama mwenye sauti ya upole sana, akamwuliza: "Mzee wangu, unasema vyumba viwili ulivirekebisha. Cha tatu ilikuwaje?"

"Nilikuwa na mgonjwa hospitali, mheshimiwa. Ikanipita."

"Ikakupita tu?"

"Ikanipita. Saa zile ni zangu, na kosa ni langu."

"Kuna mtu yeyote aliyeiona saa hiyo siku ya kura, akaona iko mbele? Au tuna neno lako tu?"

"Mna neno langu," alisema, "na miaka thelathini na minne."

Nilikuwa safu ya nne. Hakugeuza shingo upande wangu hata kidogo. Katika miaka yote hiyo sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumsikia akisema uongo, na siku hiyo aliusema mmoja, mbele ya kamati, kwa neno "ikanipita".

Msimamizi wa kituo naye alihojiwa. Alisema alifuata saa ya ukutani kwa uaminifu, na kwamba hata kama ilikuwa mbele, kituo kilifunguliwa mapema kwa kiasi kile kile, kwa hiyo saa za kazi zilitimia. Mwanamke wa aproni aliinuka, akasema kwa mkato: "Asubuhi mlipofungua mapema mimi nilikuwa kwenye mashine." Akakaa.

Ripoti ilitoka mwezi wa tatu. Aya inayotuhusu ina mistari mitano. Inasema madai kwamba saa ya chumba cha tatu ilikuwa mbele "hayakuweza kuthibitishwa kwa kukosekana kwa shahidi wa pili". Kwa hiyo pande zote mbili zilimgeukia Babu Dakika. Walioshindwa walisema ametumwa kuufanya wizi uonekane bahati mbaya. Walioshinda walisema amenunuliwa kuharibu ushindi. Mtaani jina ambalo sisi tulimpa kwa mapenzi likageuka. Watu wazima, wengine wazazi wetu, walimpigia kelele akipita na baiskeli: "Babu Dakika! Dakika kumi umeuza bei gani?" Alikuwa akipiga kengele ya baiskeli mara moja, kama anayejibu salamu, na kuendelea. Mwezi wa nne akaanza kuja kwa njia ya nyuma. Huo ndio mwezi bodi ya shule ilipoamua kuhusu chai.

Nilipokabidhiwa ukurasa huu, niliandika funguo na kengele kwa siku moja. Siku kumi na moja zilizofuata niliandika haya mengine. Nilimpelekea mwalimu mlezi wa jarida, nikaacha bahasha mezani kwake na kukimbia. Aliniita. Alikuwa amevua miwani. Alisema: "Sikati hata neno. Mkuu wa shule nitazungumza naye mimi. Lakini mwenye habari asiisome jaridani. Nenda ukamwambie kwanza."

Nilimkuta stoo, anazipaka mafuta bawaba za mlango ambao hautakuwa wake tena. Nilimpa karatasi, kwa kuwa kusema ni kazi. Akasoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye kizingiti na lugha mbili alitabasamu kidogo.

"Nilijua," alisema. "Jumatatu ile, kabla hawajairekebisha, nilipanda kuitazama. Vumbi la juu ya saa halikuwa limeguswa."

Nilimwuliza kwa nini hakunitaja.

"Nikutaje wakutafune? Una miaka kumi na mitano. Mimi meno yao nayajua." Akakunja karatasi, akanirudishia. "Tena kosa la kwanza halikuwa lako, mjukuu wangu. Kazi ya kupanda kiti alipewa nani kwenye barua ya ajira? Niliona huna sauti, nikakupa kazi inayotaka sauti. Na dakika zenyewe, nani aliziweka?"

Nikamwambia nataka kusema sasa. Akapaka bawaba nyingine.

"Ukisema, usiseme kwa kulia," alisema. "Sema kwa saa. Uliona nini, saa ngapi, ukiwa umekaa wapi. Ile redio ya fundi usiiache."

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Kesi ya kupinga matokeo bado iko mahakamani. Wiki iliyopita niliandika maelezo yangu kurasa mbili. Mama ametia sahihi pembeni kwa kuwa sijafikisha umri, baada ya kuniuliza mara tatu kama najua ninachofanya, na bibi ametia kidole gumba. Fundi viatu amekubali kuitwa. Alisema hakumbuki sura yangu, lakini anamkumbuka bibi kizee aliyechukua nusu saa kufika barabarani. Sijui maelezo hayo yatamfaa nani, aliyeshinda au aliyeshindwa. Kura hamsini na tisa ambazo hazikupigwa haziwezi kuhesabiwa, na hakuna anayejua zingekwenda wapi, hata wanaosema wanajua. Ninachojua ni kwamba shahidi wa pili alikuwapo, na kwamba mzee huyu hakuuza kitu.

Tangu saa ziliporekebishwa, orodha ya wachelewaji imetoka watu wanne kwa siku hadi ishirini na wanane. Wiki jana makamu mkuu, yule yule aliyeamuru zirekebishwe, aliulizwa na walimu kama hatuwezi kurudi kwenye dakika kumi. Alisema atalifikiria, mradi iandikwe kwenye kila saa kwa wino usiofutika. Babu Dakika amejitolea kuandika vibandiko. Tunahofia ataandika ULIZA.

Nimepangiwa kusikilizwa tarehe 14 ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Babu Dakika atakuwa amestaafu siku kumi na sita, na hana sababu ya kuamka mapema, lakini ameniambia atakuja, atakaa safu ya nyuma, na nisimtafute kwa macho. Nitazame saa ya mahakama, alisema, na nikumbuke kuwa ile ni ya serikali.

Kwa niaba ya wanafunzi, walimu na wafanyakazi, na vizazi vyote vilivyowahi mtihani bila kujua nani aliwawahisha, jarida hili linamshukuru. Kwa kumbukumbu za shule, naomba yaandikwe pia haya: siku ya kupiga kura, saa ya Kidato cha Pili B ilikuwa mbele kwa dakika kumi. Niliiona mimi, nikiwa nimekaa kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha.

Babu, pumzika vizuri. Tunakuombea macho ya mkeo yapone yote mawili, baiskeli yako ipite njia ya mbele, na kila siku utakayojaaliwa iwe na dakika kumi za ziada.